Kuchora safari ya mgonjwa wa OPD: hatua kwa hatua, kwa kalamu na karatasi ya manila

Jumatatu asubuhi, nenda kituo chochote cha afya chenye watu hapa Tanga mjini, benchi za OPD, yaani idara ya wagonjwa wa nje, zimeshajaa. Muulize karani sababu, atasema madaktari ni wachache. Daktari atasema maabara wanachelewesha majibu. Maabara nao watakunyooshea kidole dirisha la malipo. Hakuna anayedanganya, ila kila mmoja anaona kipande chake. Kazi yangu ni kuviunganisha vipande hivyo kwenye mchoro mmoja, na namna ninavyofanya ndiyo hii.

Hatua ya 1: Chagua safari moja tu

"OPD nzima" haichoreki. Sema hivi: mtu mzima mwenye homa, anayelipa taslimu, kuanzia getini mpaka anatoka na dawa mkononi. Watoto wa chini ya miaka mitano na wajawazito wana msamaha wa malipo, hivyo njia yao ni nyingine. Mwenye bima naye ana yake. Kila kundi lipe mchoro wake, siku yake.

Hatua ya 2: Mfuate mgonjwa kwa miguu

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo wengi wanapopakwepa. Wanakaa ofisini, wanamwita muuguzi mmoja awasimulie, wanachora. Kinachotoka ni mchoro wa jinsi mambo yanavyotakiwa kuwa.

Pata ruhusa ya mganga mfawidhi, kisha mwombe mgonjwa mwenyewe ridhaa. Usiandike jina lake, mpe namba. Kwa daktari usiingie naye, kaa mlangoni. Karatasi yako iwe na safu nne: saa, mahali, kinachofanyika, na anachosubiri. Hii ya mwisho usiiache wazi hata mara moja.

Huu ni mfano wa karatasi moja, kwa saa zetu za Kiswahili:

2:10 mapokezi, anafunguliwa faili
2:25 dirisha la malipo, kumwona daktari
2:35 benchi
3:20 kwa daktari, dakika 6
3:26 dirisha la malipo tena, kipimo
3:45 maabara, anatobolewa kidole
4:05 majibu tayari
4:50 majibu yanafika kwa daktari
5:10 kwa daktari, dakika 4
5:14 dirisha la malipo, mara ya tatu
5:30 dirisha la dawa
5:40 anatoka

Saa tatu na nusu, na daktari kamwona dakika 10. Lakini tazama hapo kati ya 4:05 na 4:50. Kipimo cha haraka cha malaria husomwa baada ya dakika 15 hadi 20 kutegemea aina yake, kwa hiyo maabara hawakuchelewa. Majibu yalikuwa yamelala kwenye sinia, yamekandamizwa na boksi la glavu. Nikamuuliza mteknolojia mbona hayaendi. "Tunasubiri yafike kumi, kaka, ndipo mhudumu ayapeleke. Atakimbia na karatasi mojamoja mpaka lini?" Alikuwa na hoja. Ila daktari, mlango wa tatu kutoka pale, alikuwa anapokea kumi kwa mpigo, na benchi lake linajaa ghafla.

Mgonjwa mmoja hatoshi. Fuata walau kumi, na wa Jumatatu wawemo.

Hatua ya 3: Chora safu, ya mgonjwa iwe juu

Bandika manila ukutani, piga mistari ya mlalo: mgonjwa, mapokezi, malipo, daktari, maabara, dawa. Safu ya mgonjwa usiisahau. Bila hiyo, kutembea kwake na kusubiri kwake havina pa kukaa, na mchoro utaonyesha wafanyakazi wenye shughuli nyingi basi.

Alama natumia za BPMN (Business Process Model and Notation), yaani alama za kuchora hatua za kazi, zinazosimamiwa na shirika la viwango liitwalo Object Management Group. Toleo la 2.0 lilitoka 2011, na 2013 likawa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 19510. Alama ni nyingi mno, lakini kituoni nne zinakutosha. Duara jembamba ni mwanzo, duara nene ni mwisho. Mstatili wenye pembe za mviringo ni kazi. Almasi ni njia panda. Mshale unaonyesha kinachofuata.

Hatua ya 4: Kuwa makini na almasi

Almasi yenye X ndani yake maana yake njia moja tu: ana dalili za hatari au hana. Yenye alama ya kujumlisha maana yake njia zote zinakwenda kwa pamoja, na hakuna kusonga mbele mpaka zote zikutane tena. Ukizichanganya, mchoro unasema uongo. Niliwahi kuweka X pale daktari anapoagiza malaria na mkojo pamoja. Mchoro ukasomeka kwamba mgonjwa anapima kimoja tu, na dakika za mkojo zikapotea kwenye hesabu yangu yote.

Hatua ya 5: Andika dakika juu ya mishale

Kazi kwa wino wa bluu, kusubiri kwa wino mwekundu. Manila itakuwa nyekundu, usishtuke.

Kuna kanuni aliyoithibitisha John Little mwaka 1961: idadi ya waliomo ndani ni sawa na kasi ya kuingia mara muda wa kukaa. Wakiingia 20 kwa saa na kila mmoja akikaa saa tatu na nusu, una watu 70 ndani ya kituo kwa wakati mmoja. Kabla ya kuomba fedha za kuongeza benchi, punguza muda.

Hatua ya 6: Wenyewe waje waharibu mchoro wako

Waite saa ya chai, wape kalamu, nyamaza. Dada wa dirisha la malipo aliutazama wangu akacheka, akachora mstatili kwa mkono wake: "Kutafuta chenji." Ilikuwa kweli. Asubuhi anatoka kwenda dukani ng'ambo ya barabara kuvunja noti, na foleni inamngoja. Mimi nilikuwa nimesimama mita mbili kutoka kwake siku tatu, sikuona.

Hatua ya 7: Badilisha kitu kimoja kimoja

Dogo kwanza: majibu yaondoke yakifika matatu, si kumi. Chenji iandaliwe jioni ya kuamkia siku hiyo.

Kubwa zaidi ni kupima malaria wenye homa kabla hawajamwona daktari, ili wamwone mara moja tu badala ya mbili. Hilo ni la kitabibu, mchoraji huna mamlaka nalo. Lipeleke kwa mganga mfawidhi. Na likikubaliwa, almasi ya kwanza baada ya geti ibaki ileile: mwenye degedege, aliyepoteza fahamu au anayepumua kwa shida anakwenda moja kwa moja kwa daktari, dirisha la malipo halimhusu kwa wakati huo. Vilevile, kipimo kuonyesha hana malaria hakumpi mtu ruhusa ya kwenda nyumbani. Bado daktari anamwona.

Hatua ya 8: Pima tena, kisha pima tena

Baada ya wiki mbili rudi na karatasi ileile ya safu nne. Sisi tulikuta sinia la maabara tupu, tukafurahi. Mwezi uliofuata boksi la glavu lilikuwa limerudi juu ya rundo: mhudumu aliyekuwa anapeleka majibu alikuwa likizo, na mimi kwenye mchoro nilikuwa nimeandika jina lake badala ya nafasi yake. Sasa mshale ule unatoka kwa yeyote aliye zamu maabara, anagonga kengele ndogo ya mezani, na karani wa OPD ndiye anayekuja kuchukua.