Kabla hujarusha kindege chako sebuleni

Ajali yangu mbaya kuliko zote kwenye simuleta, yaani programu ya kompyuta ya kuigiza urushaji wa ndege, ilisababishwa na kiti. Nilikuwa natua Zanzibar nikitokea kaskazini, upepo wa kusi unanipiga ubavu wa kushoto, nikakanyaga pedeli ya kulia ili ninyooshe pua ya ndege. Kiti chenyewe ni kile cha ofisini chenye magurudumu matano. Badala ya pedeli kwenda mbele, kiti kilirudi nyuma, na mkono ulioshika joistiki, fimbo ya kuongozea ndege, ukarudi nacho. Kindege kikainua pua futi 15 juu ya lami, mabawa yakaishiwa nguvu ya kubeba, kikaanguka kama embe. Mke wangu alikuwa anatazama tamthilia pembeni. Aliuliza kama nimeumia.

Ndiyo maana orodha yangu ya ukaguzi haianzii kwenye injini, inaanzia sakafuni. Anayerusha ndege kubwa ya abiria kwenye simuleta ana rubani wa kujiendesha wa kumfichia makosa: anaweka mwelekeo, anaweka kimo, anaenda kupika chai. Kindege chepesi hakina huruma hiyo. Wamarekani walipoanzisha rasmi kundi la ndege nyepesi za michezo mwaka 2004, waliliwekea mipaka: viti viwili, kasi ya kwenda sawa isiyozidi noti 120 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa), na uzito wa kurukia usiozidi kilo 600, watu na mafuta ndani yake. Zinazotua majini ziliruhusiwa kilo 650. Kanuni zilipanuliwa mwaka 2025, lakini ndege nyingi tunazozikuta kwenye simuleta zilichorwa kwa vipimo vile vya mwanzo. Kilo 600 ni uzito unaokaribiana na kirikuu kitupu. Kitu chepesi namna hiyo kinasikia kila mtetemo wa kiganja chako, na kama vifaa vyako vina kasoro, utajua kabla hujamaliza kupaa.

Kwa hiyo, kiti. Kama una pedeli, lifunge tatizo hili leo. Mimi nimepitisha kamba ya manila kutoka mguu wa meza hadi nguzo ya kiti, na magurudumu mawili ya mbele nimeyaegemeza kwenye kandambili za zamani. Pedeli zenyewe zinakaa juu ya kipande cha zulia kilichogeuzwa, mpira juu. Joistiki nayo isitembee mezani. Ikitembea, gundi ya karatasi ya pande mbili inatosha. Huna pedeli? Joistiki ya bei nafuu ambayo shingo yake inazunguka inafanya kazi ile ile, na kwa kweli ningemshauri anayeanza aanze nayo.

Halafu umeme na bando. Angalia Luku kabla ya kuangalia mafuta ya ndege. Uniti zikiisha ukiwa juu ya bahari, hakuna mnara wa kuongozea ndege utakaokusaidia. Kuhusu intaneti, simuleta zinatofautiana sana, na hilo liamue unanunua ipi. Microsoft Flight Simulator ya mwaka 2020 inataka GB 150 kwenye diski. Ile ya 2024 inataka 50 tu, lakini usifurahi haraka: imeweza kupungua kwa sababu sehemu kubwa ya dunia inaivuta mtandaoni wakati wewe unaruka. Anayeishi kwa bando la wiki afikirie mara mbili. X-Plane huweka mandhari yake kwenye diski, na FlightGear ni ya bure kabisa, mandhari yake unaweza kuyapakua usiku mmoja ukamaliza. Yoyote utakayochagua, ifungue saa moja kabla ya muda uliopanga kuruka, uone kama kuna sasisho linasubiri. Mimi niliwahi kupuuza hilo Ijumaa moja, nikaishia kutazama mstari wa asilimia hadi usingizi ukanichukua.

Sasa tuje mahali ambapo watu wengi wanaumia bila kujua: mipangilio ya joistiki. Kwenye Windows, andika joy.cpl kwenye sehemu ya kutafutia, dirisha dogo litafunguka; chagua joistiki yako, bonyeza Properties, utaona msalaba unaofuata mkono wako. Achia joistiki. Msalaba ukitulia katikati, vizuri. Ukichezacheza, joistiki inahitaji kupimwa upya, au inahitaji eneo mfu, yaani sehemu ndogo ya katikati ambayo mkono ukisogea simuleta inajifanya haioni. Hapo uwe bahili. Ukiweka eneo mfu kubwa, unasogeza mkono, ndege haijibu, unaongeza, mara inaruka kupita ulipotaka. Unarudisha, hadithi ile ile upande wa pili. Kindege kinaanza kuyumba kama mlevi anayetafuta mlango, nawe unalaumu simuleta. Asilimia 2 au 3 zinatosha kwa joistiki nyingi zenye afya. Kinachosaidia zaidi ni kupunguza ukali wa majibu karibu na katikati, ili sentimita ya kwanza ya mkono isiwe na nguvu sawa na ya mwisho.

Ukishamaliza, kaa kwenye ndege ikiwa imesimama, nenda kwenye mwonekano wa nje, na ufanye kile ambacho marubani wa kweli hufanya kabla ya kila safari: sogeza usukani, tazama mabawa. Joistiki kulia, kibao cha bawa la kulia kinapanda, cha kushoto kinashuka. Vuta kwako, kibao cha mkia kinapanda. Kanyaga kulia, usukani wa mkia unageukia kulia. Inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini hapo ndipo nilipogundua kwamba shingo ya joistiki yangu na pedeli mpya zote mbili zilikuwa zimeunganishwa na usukani wa mkia. Zilikuwa zinagombana wiki nzima, na mimi nikidhani ndivyo ndege ilivyo.

Menyu ya misaada nayo uipitie kwa jicho la wivu. Simuleta nyingi, ukichagua kiwango cha anayeanza, zinakuwashia msaada unaokanyaga pedeli kwa niaba yako. Utaruka miezi sita ukijiona hodari, kumbe miguu yako haijawahi kufanya kazi. Uzime huo siku ya kwanza. Mingine, kama ile mishale ya kuonyesha njia, haina madhara; iache mpaka ikuchoshe.

Kuhusu kompyuta sitasema mengi. Fremu, yaani picha, 30 kwa sekunde zisizotetereka zinatosha kwa kindege cha mwendo huu, na ni bora kuliko 60 zinazokwamakwama. Mji mkubwa ndio mzito kuchora. Bahari ni nyepesi. Ikikwama, punguza mawingu kwanza, kisha majengo.

Ndege ninayoitumia zaidi ni ICON A5, ambayo imo ndani ya toleo la 2020 bila kununua nyongeza. Ina viti viwili, tumbo lake ni la boti, pangaboi liko nyuma ya vichwa vyenu, na mbele yako kuna saa moja ambayo ndege nyingi ndogo hazina: inaonyesha pembe ambayo bawa linakutana na hewa, kwa rangi ya kijani, njano na nyekundu. Hata ukisahau namba zote za kasi, tazama saa hiyo. Ikiingia nyekundu ukiwa chini, sukuma pua, usiulize.

Injini ni Rotax 912 ya nguvu farasi 100, jamii ya injini utakayoikuta kwenye nyingi za ndege hizi. Aliyezoea ndege ndogo ya Cessna 172 atashangaa vitu viwili. Hakuna kitufe chekundu cha kurekebisha mchanganyiko wa mafuta na hewa, kwa hiyo asikitafute. Halafu mshale unasoma mizunguko 5,500 kwa dakika na hakuna kinachopasuka: pangaboi lenyewe linazunguka taratibu, kwa sababu kati yake na injini kuna gia. Kikomo ni 5,800, na hapo usizidishe dakika 5. Kabla ya kupaa, iache injini ipate joto mpaka mafuta ya kulainishia yafike nyuzi 50 za Selsiasi. Ukianzia safari moja kwa moja kwenye njia ya kurukia, simuleta hukupa injini iliyokwisha kupashwa. Ukianzia kwenye maegesho, subiri.

Ukurasa wa uzito uufungue pia. Simuleta inaweza kukuwekea abiria ambaye hukumkaribisha. Mtoe, na upunguze mafuta yabaki ya safari na akiba ya nusu saa. Tofauti utaisikia hasa ukianzia nyanda za juu, jambo ambalo Wakenya wanaoanzia uwanja wa Wilson, Nairobi, hulijua kwa maumivu. Uwanja huo uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 25, hewa yake ni nyembamba kama ya futi 8,000, na injini isiyo na turbo inabaki na takriban robo tatu ya nguvu zake. Arusha, juu ya futi 4,500, ni nafuu kidogo tu. Kwa hiyo safari za mwanzo nashauri zianzie pwani.

Yangu ya kila mara ni Dar kwenda Zanzibar, HTDA hadi HTZA, kama viwanja hivyo vinavyoandikwa kwa kifupi cha marubani. Ni maili 39 za baharini, karibu kaskazini kabisa. Kwa noti 85 ni kama dakika 28 hewa ikitulia. Ukipaa kwa njia ya kurukia ya 05 (namba ya njia ni mwelekeo wake wa dira, nyuzi 50, bila sifuri ya mwisho) unauona mji mbele yako, unakata kushoto, kisiwa cha Bongoyo kinapita chini, kisha cha Mbudya, halafu ni maji matupu mpaka kisiwa cha Chumbe kitokeze kushoto na rasi ya Fumba kulia. Ramani huhitaji. Unachohitaji kujua kabla ni upepo, na hapa babu zetu wa majahazi walishatufanyia kazi: kuanzia Aprili hivi hadi Septemba ni kusi, kuanzia Novemba hadi Machi ni kaskazi. Njia ya Zanzibar ni 18/36. Kaskazi ikivuma unafika ukinyoosha tu kuingia 36. Kusi ikivuma ni lazima uupite uwanja, uzunguke juu ya bahari upande wa Mji Mkongwe, urudi kutua kwa 18. Dar njia kubwa ni 05/23, na kusi inaikata karibu pembe mraba, kwa hiyo usiondoke ukitegemea kurudi kirahisi. Hali ya hewa halisi ya simuleta iwashe safari ya tatu au ya nne. Ya kwanza weka anga safi na upepo wa noti 5, uijue ndege kwanza.

Imebaki bahari. A5 inatua majini na nchi kavu, na magurudumu yake yanakunjwa. Kutua majini magurudumu yakiwa chini kunaipindua ndege kifudifudi, kwenye simuleta kama ilivyo kwa marubani wa kweli. Wao wana desturi ya kutamka kwa sauti wanatua wapi na magurudumu yako wapi, kila mara, hata wakiwa peke yao. Nami nimeichukua. Kabla sijawasha injini nasema mwisho wa safari utakuwa wapi, na nikikaribia nasema tena: natua majini, magurudumu juu. Mwanzoni nilikuwa naona aibu kupiga kelele usiku. Sasa mwanangu wa miaka sita, akisikia tu nimepunguza gesi, anauliza kutoka chumbani: "Baba, magurudumu?"