Anzeni na ndoo ya maganda: namna ya kuufanya mtaa utunze mazingira

Watu wa mitaa mingine wakija kutuuliza waanzie wapi, mara nyingi wanakuwa wameshanunua miche. Miche ni jambo jema, nami masika yakikaribia huwa naipanda. Lakini ushauri wangu kwao ni uleule: iwekeni kivulini kwanza, mkaangalie ndoo za taka za majumbani kwenu.

Mimi ni katibu wa kamati ya mazingira ya mtaa, huku Majengo, Manispaa ya Moshi. Mji wetu umetajwa kwa miaka mingi miongoni mwa miji safi kabisa Tanzania, na wengi huamini siri yote ni ile faini ya shilingi 50,000 kwa anayetupa taka ovyo. Faini inasaidia, sitaki kuibeza. Inamfanya abiria wa daladala atie karatasi ya karanga mfukoni badala ya kuirusha dirishani. Ila faini inalinda barabara ya lami, penye macho ya watu. Haifiki uani, na taka nyingi za mji huanzia uani.

Chukueni taka za siku moja za nyumba chache, mzimwage juu ya turubai mbele ya watu. Huku kwetu mtakuta maganda ya ndizi, vikonyo vya mchicha, ukoko wa ugali, majani ya chai, kokwa za parachichi. Katika miji yetu zaidi ya nusu ya taka za nyumbani ni vitu vya kuoza, na hivyo ndivyo vinavyoharibu vyote vingine. Vinaleta nzi na harufu. Vinalowesha boksi ambalo lingeuzika, vinachafua chupa ambazo mkusanya makopo angezichukua kwa furaha. Vinaliongezea lori uzito wa bure hadi dampo la Kaloleni, na vikifukiwa huko bila hewa vinatoa gesi ya methani inayoongeza joto duniani. Mtaa ukiweza kuzuia maganda yasitoke nje ya mtaa, nusu ya kazi imekwisha.

Kwa hiyo kila kaya iwe na vyombo viwili tu. Ndoo yenye mfuniko kwa ajili ya mabichi ya jikoni, na kiroba kilichotundikwa ukutani kwa ajili ya vikavu: chupa, makopo, maboksi. Pampasi, betri, nyembe na vioo vilivyovunjika vifungwe peke yake vikisubiri gari la taka. Nimewahi kuona mipango ya ndoo nne za rangi nne. Kwenye nyumba ya wapangaji sita, kila mmoja na chumba chake na jiko lake la mkaa kwenye korido, ndoo nne atazipanga wapi? Mpango usioingia kwenye chumba cha mpangaji utabaki kwenye makaratasi.

Maganda yaende kwanza kwa mifugo. Tafuteni wafugaji waliopo mtaani au mtaa wa jirani, maana Moshi hakukosekani mtu mwenye ng'ombe wa ndani. Kijana wake apite na toroli jioni, watu wammiminie ndoo zao. Sharti ni moja, na lisemwe na mfugaji mwenyewe, siyo na kamati. Kwetu mzee mmoja alisimama kwenye mkutano wa mtaa akasema, "Wanangu, nailoni ikiingia tumboni mwa ng'ombe haitoki. Mnanipa chakula, asanteni sana, lakini msinipe na kifo." Tangu siku hiyo akina mama wanakagua ndoo kabla toroli halijafika. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019, na mitaro yetu ilipumua, ila vile vifuko vyepesi vya kufungia maandazi na ubuyu bado vinazagaa, na ndivyo vinavyojificha kwenye maganda.

Kinachobaki, ambacho ng'ombe hali, kitengenezewe mboji. Hapa naomba mnisome polepole, kwa sababu wengi huliacha rundo linuke halafu wanasema mboji haifai mjini.

Chagueni kona yenye kivuli, juu ya udongo mtupu, siyo saruji. Rundo liwe na upana wa mita moja na nusu hivi, na kimo kisichozidi kifua cha mtu mzima. Likiwa dogo sana halishiki joto. Chini kabisa tandazeni mabua ya mahindi au vijiti ili hewa ipite. Juu yake wekeni vikavu, yaani majani makavu ya migomba, nyasi, maranda ya mbao isiyotiwa dawa, kina cha shubiri moja. Kisha mabichi, nusu ya kina hicho. Kisha samadi kidogo na udongo wa juu, kiasi cha kufunika tu. Nyunyizeni maji, mrudie mpangilio huo hadi juu, mfunike kwa majani ya migomba. Msitie nyama, mifupa wala mafuta, vinaita panya na mbwa.

Halafu chomekeni fimbo ndefu katikati mpaka chini na muiache humo. Baada ya siku nne au tano ichomoeni, muishike sehemu iliyokuwa ndani. Ikiwa ya moto na ina unyevunyevu, rundo linafanya kazi. Ikiwa ya baridi na kavu, ongezeni maji. Ikiwa ya baridi na inanuka yai viza, maji yamezidi na hewa imekosekana: pindueni rundo lote, mchanganye vikavu vingi zaidi. Fimbo hii ndiyo inayowashawishi watoto na wazee kwa pamoja. Kila anayeishika anataka kesho arudi kuona kama joto limepanda. Mkipindua kila baada ya wiki mbili au tatu, ndani ya miezi mitatu hivi mtapata kitu cheusi kinachochambuka mkononi, chenye harufu ya udongo wa msituni. Ile miche mliyoinunua ipandeni na hicho, kila mche ukabidhiwe nyumba moja itakayoumwagilia kiangazi, basi.

Sasa habari ya uongozi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua kamati za mazingira hadi ngazi ya mtaa, kwa hiyo hamwombi fadhila kwa mtu mnapoiunda. Mwiteni mwenyekiti wa mtaa, mtendaji na afisa afya wa kata tangu kikao cha kwanza. Ndani ya kamati wekeni watu wanaoshika taka kwa mikono yao: mama ntilie, muuza mbogamboga, mfugaji, mkusanya chupa, na mpangaji mmoja walau. Kamati ya wenye nyumba peke yao itatunga masharti yasiyotekelezeka.

Jambo la kulipigania kuliko yote mbele ya kamati hiyo ni ratiba ya gari la taka. Siku ijulikane, saa ijulikane, na stakabadhi itolewe kwa kila anayelipa tozo. Tuliwahi kukaa na gari lililokuja likijisikia, na viroba vikarudi kwenye kona za vichochoro. Siwalaumu waliovitupa, mtu hawezi kulala na pampasi chumbani akingoja honi isiyolia. Ratiba ikishatulia, hapo mnaweza kumbana anayetupa, na hapo ndipo faini inapokuwa haki. Uchomaji wa taka nao unapungua wenyewe, kwa sababu wengi huchoma wakikosa pa kupeleka. Anayeendelea kuchoma plastiki aambiwe wazi kwamba ule moshi unaingia vifuani mwa watoto wa jirani.

Mitaro izibuliwe kabla ya Machi, siyo mvua ikishanyesha. Na tope likitolewa lisilazwe ukingoni. Naomba sana hili lizingatiwe, kwa maana nimeona Jumamosi nzima ya usafi ikirudi mtaroni kwa mvua ya usiku mmoja. Toroli liwe tayari kabla ya jembe la kwanza.

Mwisho, waambieni watu maji yao yanakwenda wapi. Mji wetu umekaa mteremkoni mwa Kilimanjaro, na kila tunachokiachia kinashuka. Maji ya mfumo wa majitaka yanaishia kwenye mabwawa ya kusafishia kule Mabogini, na yakitoka hapo wakulima huyaingiza kwenye mashamba ya mpunga. Mabwawa yale yanafanya kazi kwa jua, mwani na bakteria, na oili ya magari haimaliziki kwa njia hiyo. Hivyo nendeni gereji kwa gereji, msalimie vizuri, muwaombe mafundi wawe na dumu lenye mfuniko kwa oili chafu, likae juu ya sakafu ya saruji, mbali na mtaro. Oili hiyo ina wateja: wapo wanaoitafuta wapake nguzo za uzio zisiliwe na mchwa. Mkimpatia fundi namba ya simu ya mnunuzi siku hiyohiyo, atawasikiliza kuliko mkimpelekea barua ya onyo.