Programu ya mtandaoni ya benki ya uwekezaji: ifanye ukiwa Dar, utoke na modeli na si cheti tu

Benki ya uwekezaji ni ile inayoshauri kampuni zinaponunuana au kuuza hisa. Programu yake ya mtandaoni jina ni moja ila vitu ni viwili. Ya kwanza ni ya moja kwa moja: benki ya London au New York inafungua maombi, inachuja watu, kisha inaendesha vikao vya Zoom kwa siku mbili tatu, wafanyakazi wake wakieleza kazi zao. Ya pili ni ya kujifanyia mwenyewe. Unajisajili bure kwenye jukwaa kama Forage, unapewa kazi za mfano zilizoandaliwa na benki, unazifanya kwa muda wako, na kila ukipakia jibu unaonyeshwa jibu la mfano. Mwishoni unapewa cheti.

Mwanafunzi wa Mlimani (UDSM), IFM au CBE aanze na hii ya pili. Zile za moja kwa moja nyingi zina masharti: uwe unasoma Uingereza, au uwe mwaka wa kwanza kwenye shahada ya miaka mitatu (mwaka wa pili kama ni ya miaka minne), au uwe na haki ya kufanya kazi nchini humo. Soma masharti kabla hujakesha siku mbili ukiandika insha ya maneno 300. Na swali la haki ya kufanya kazi lijibu kwa ukweli. Ukidanganya hapo, mbele watakuomba hati na utaondolewa.

Fomu

Kosa linalowaumiza Watanzania wengi ni GPA. Yetu ni kati ya 5.0, ya Marekani ni kati ya 4.0. Ukiandika "3.8" peke yake, msomaji wa New York ataiona karibu na kilele, kisha cheti cha matokeo kitamwambia vingine. Andika 3.8/5.0. Fomu ya Kiingereza ikidai daraja, UDSM huhesabu 4.4 na kuendelea kuwa daraja la kwanza, na 3.5 hadi 4.3 kuwa daraja la pili la juu. Hilo la pili ndilo Waingereza wanaloandika 2:1. Kidato cha sita usikigeuze kuwa alama za Uingereza kwa kubahatisha: andika ACSEE, tahasusi yako (ECA, EGM, PCM), alama za kila somo na divisheni. Waache wao walinganishe.

Saa, bando na umeme

Dar haibadilishi saa, wenzetu wanabadilisha. London iko nyuma yetu saa tatu majira ya baridi na saa mbili majira ya joto. New York iko nyuma saa nane, kisha saba. Kwa hiyo kikao kilichoandikwa 10:00 ya London mwezi Januari kwetu ni saa saba mchana, na mwezi Juni ni saa sita mchana. Kilichoandikwa 16:00 mwezi Januari ni saa moja jioni. Mwezi wa hatari ni Machi: Marekani hubadili Jumapili ya pili, Uingereza Jumapili ya mwisho, kwa hiyo kwa wiki kadhaa hesabu uliyoizoea inakuwa na kosa la saa moja. Weka London na New York kwenye saa ya simu, na kwenye kalenda andika kwa tarakimu za saa 24. Ukiandika "saa nne", kesho yake hutakumbuka kama ulimaanisha nne ya Kiswahili au ya Kiingereza.

Zoom yenye video ya kundi tenga angalau GB 1 kwa saa, maana ubora wa picha ukipanda nayo inapanda. Kikao cha saa tatu na bando la GB 2 havipatani. Zima video za wengine kwenye mipangilio, au ingia kwa simu badala ya laptopu, na bando la ziada linunuliwe jana yake, si kikao kikiwa kinaendelea. Laini ya pili ya mtandao mwingine iwe ndani ya simu tayari. Umeme ukikatika, modemu ya hosteli inazima pamoja na taa, hivyo hotspoti ya simu na pawabenki iliyojaa ndivyo vitakavyokuokoa. Vimbweta vinafaa kwa kazi za kujifanyia. Kwa kikao cha moja kwa moja upepo na watu wanaopita vitasikika kwenye maikrofoni yako kuliko unavyodhani.

Modeli

Sasa tufike penye nyama: modeli, yaani faili la Excel linalokadiria thamani ya kampuni. Programu nyingi za aina hii zina kazi tatu au nne: kuchagua kampuni inayofaa kununuliwa, kukadiria thamani yake, kuandika muhtasari kwa mteja, na pengine kueleza hatua za mnada wa kuiuza. Ya kukadiria thamani ndiyo inayotofautisha watu, na ndiyo wengi wanayoidesa kutoka jibu la mfano.

Njia ya kawaida ni ile wote kazini wanayoiita DCF (discounted cash flow): unakadiria fedha huru ambazo biashara itazalisha kila mwaka, unazirudisha kwenye thamani ya leo, unajumlisha. Fedha huru hupatikana hivi: faida ya uendeshaji, toa kodi (hapa kwetu kodi ya makampuni ni asilimia 30), rudisha uchakavu kwa sababu haukutoka taslimu, toa manunuzi ya mitambo, toa ongezeko la mtaji wa uendeshaji (fedha zilizofungwa kwenye bidhaa za ghalani na kwa wadaiwa).

Chukua kampuni ya kubuni. Fedha huru kwa miaka mitano ni shilingi bilioni 10, 11, 12, 13 na 14. Kiwango cha punguzo, yaani asilimia ya kurudishia fedha za kila mwaka ujao kwenye thamani ya leo, ni asilimia 15. Baada ya mwaka wa tano tunasema itakua asilimia 5 daima. Thamani ya mwisho, yaani ya miaka yote baada ya hapo, ni 14 × 1.05 ÷ (0.15 − 0.05), yaani bilioni 147. Miaka mitano ikirudishwa leo inatoa bilioni 39.3. Ile 147 ikirudishwa kwa miaka mitano inatoa 73.1. Jumla ni bilioni 112.4, na hiyo ni thamani ya biashara nzima, bado si ya wenye hisa. Ina madeni bilioni 30 na taslimu bilioni 8: toa 22, zinabaki 90.4. Kwa hisa milioni 100, kila hisa ni shilingi 904.

Tazama sasa makosa yanavyoitikisa hiyo 904. Ukisahau kurudisha thamani ya mwisho kwenye leo, hisa inaruka hadi 1,643. Ukisahau kutoa ile 22 ya deni, ni 1,124. Ukipandisha ukuaji kutoka asilimia 5 hadi 6, ni 993: nukta moja tu ya asilimia imeongeza karibu sehemu ya kumi ya bei. Na theluthi mbili ya thamani yote imekaa kwenye kile usichokiona, yaani miaka baada ya mitano. Ndiyo maana mkaguzi wa benki haanzi kukuuliza fomula. Atakuuliza umeitoa wapi hiyo 5.

Kosa kubwa kuliko yote linawapata wanaofanya kampuni ya hapa kwa kunakili kiwango cha punguzo cha mfano wa Marekani. Weka asilimia 9 mahali pa 15 kwenye mfano wetu, thamani ya biashara inatoka 112 hadi karibu bilioni 285. Umepunguza shilingi kwa bei ya dola. Fedha zikiwa za shilingi, anza na mapato ya hatifungani za muda mrefu za serikali zinazotangazwa na Benki Kuu, kisha ongeza hatari ya biashara. Ukitaka kiwango cha dola, geuza kwanza mtiririko wote uwe wa dola.

Kwenye Excel, mitego ni ileile kila mwaka. Fomula ya NPV, inayorudisha fedha kwenye thamani ya leo, hudhani fedha ya kwanza inaingia mwisho wa mwaka wa kwanza, kwa hiyo bei ya kununua leo usiiingize ndani ya mabano yake, iache nje. Funga seli ya kiwango cha punguzo kwa F4 kabla ya kuburuta fomula, la sivyo mwaka wa pili utasoma seli tupu. Namba ulizozichapa kwa mkono ziwe za bluu, zinazotokana na fomula ziwe nyeusi; huo ndio utaratibu wa mabenki, na ni wa kwanza kuangaliwa. Tena ripoti nyingi za kampuni zetu huandikwa kwa maelfu ya shilingi. Sufuri tatu zikipotea, kiwanda kizima kinageuka duka la mtaani.

Ukishamaliza mfano wa jukwaa, rudia kazi hiyohiyo kwa kampuni iliyoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE). Usichague CRDB wala NMB, japo ndizo unazozijua. Deni la benki ni malighafi yake, maana amana za wateja ndizo inazokopesha, hivyo hesabu ya kutoa madeni haina maana pale. Benki hupimwa kwa mtaji wake. Chukua Twiga Cement, yenye kiwanda Wazo Hill na hisa karibu milioni 180, au TBL ya bia. Tahadhari moja: hisa nyingi za DSE haziuzwi kila siku, kwa hiyo "bei ya soko" unayoiona inaweza kuwa ya biashara ndogo ya siku kadhaa nyuma.

Ukipewa kazi ya kuorodhesha kampuni, yaani kuuza hisa zake kwa umma mara ya kwanza, Vodacom Tanzania inafaa kujipima. Mwaka 2017 iliuza hisa milioni 560, sawa na asilimia 25, kwa shilingi 850 kila moja. Piga mwenyewe: zilikusanywa bilioni 476, na kampuni nzima ilithaminiwa trilioni 1.904. Usipofika hapo, rudi kwenye sufuri.

Siku ya kikao

Jina lako kwenye Zoom liwe lilelile la kwenye fomu, maana mahudhurio huchukuliwa kwa jina. Maikrofoni izimwe. Ukipelekwa kwenye chumba kidogo cha watu wanne au watano, zungumza ndani ya dakika mbili za kwanza, hata kama ni kujitolea kuandika muhtasari. Chumba kikishazoea ukimya wako, kuingia baadaye ni kazi.

Maswali ya kuuliza "siku yako huwaje?" waachie wengine. Beba muamala mmoja unaoujua kuliko wao. Amsons ya hapa Tanzania ilinunua Bamburi Cement ya Kenya mwaka 2024 kwa shilingi 65 za Kenya kwa hisa, baada ya mshindani kutangaza bei ya juu zaidi kisha kujitoa. Uliza: bodi inamshaurije mwenye hisa pale dau la juu linapokuja na shaka kama fedha zipo? Mtu wa muamala atakaa sawa kwenye kiti. Liandike kwa Kiingereza siku moja kabla, lisizidi sentensi mbili.

Ujumbe wa shukrani LinkedIn upeleke ndani ya siku moja: sentensi tatu, moja ikitaja jambo alilolisema yeye. Usiombe kazi humo.

Kwenye CV

Usiandike kwamba umefanya kazi wala mafunzo kwa vitendo kwenye benki hiyo. Andika "programu ya mfano ya mtandaoni", jina la benki, mwezi, na saa ulizotumia, chini ya kozi na si chini ya uzoefu. Mstari wa pili ndio wenye uzito: "Nilijenga modeli ya DCF ya Twiga Cement kwa ripoti zake za mwaka, yenye jedwali la kubadilisha ukuaji na kiwango cha punguzo." Faili liwepo, lifunguke, na uweze kulieleza kwa dakika tano bila kusoma. Faili hilohilo ndilo la kubeba ukienda kuomba mafunzo kwa madalali wa hisa wenye leseni ya CMSA (mamlaka ya masoko ya mitaji), au ukijiunga na shindano la uwekezaji la wanafunzi la DSE. Lihifadhi na tarehe kwenye jina, na toleo la zamani usilifute: ukiulizwa kwa nini makadirio yalibadilika, jibu liko humo.