Kupima uoto wa miombo pale unapohesabia ndege

Orodha ya miti peke yake haielezi kwa nini ndege fulani wapo hapa na kule hawapo. Pima na umbo la pori. Kwenye miombo ya Tabora, chomeka kigingi pale unapohesabia, vuta kamba nne za mita 11.3 kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Duara hilo ni mita za mraba 400. Miti iliyomo pima mzingo kwa futi kamba, mita 1.3 toka ardhini.

Kila kamba ina vituo vitano, kimoja kila baada ya mita 2; vyote ni 20. Simamisha ufito wa mita 3 uliopakwa rangi kila nusu mita, andika vipande vilivyoguswa na majani au nyasi. Hapohapo chungulia juu kwa kipande cha bomba chenye nyuzi mbili zilizopishana mdomoni: zikikutana na jani, hiyo ni asilimia 5 ya kivuli. Bomba likiinama kivuli huongezeka bure, hivyo ning'iniza uzi wenye kokoto ubavuni.

Wengi hukwepa kichaka cha miiba, na ndiko ndege walikojificha! Ufito uingie humohumo. Tena usihesabu ndege Machi ukapima Agosti: moto umeshapita, nyasi hakuna, majani yamepukutika.