Usivue Kinga ya Mashine ya Kufyekea, Wala Usifunge Waya Badala ya Uzi

Mashine nyingi za petroli za kufyekea ninazozikuta mashambani zimevuliwa ile kinga ya plastiki iliyo juu ya kichwa cha kukatia, na katika baadhi yake uzi wa nailoni nao umeondolewa, pakafungwa kipande cha waya au kebo ya breki ya baiskeli. Wenye mashine huyaona mabadiliko hayo kuwa ni maarifa, na wengine huwafundisha majirani. Hilo ni kosa moja lenye sehemu mbili, na ndilo linalopofua macho, linalochana miundi na kuunguza klachi, yaani sehemu inayopeleka nguvu ya injini kwenye kichwa, za mashine ambazo hazijamaliza hata msimu mmoja. Namna ya kuiwasha mashine mnaijua, kwa hiyo siandiki juu ya hilo.

Chukulia kichwa kinachozunguka mara 7,000 kwa dakika, kiwango cha kawaida kabisa kwa mashine hizi, na uzi unaofika sentimita 20 kutoka katikati. Ncha ya uzi huo inakwenda kwa mwendo unaozidi kilomita 500 kwa saa. Nailoni ikigonga jiwe kwa mwendo huo, ncha yake huchakaa au hukatika, na kipande kinachoruka ni chepesi kiasi kwamba hewa hukipunguza nguvu mapema. Waya hauko hivyo. Kila unapogonga kisiki hupindwa, kila unapopindwa huchoka, na hatimaye hukatika mahali ambapo hukupatazamia, kisha kipande kizito na chembamba huondoka bila kuonekana na hupenya nguo kama msumari. Sijui ni uchumi wa namna gani huo, kuokoa mita chache za uzi na kulipa kwa jicho.

Kinga nayo ina kazi mbili, na wakulima wengi wanaifahamu moja tu. Kazi ya kwanza ni kuzuia mawe na vijiti visirudi kwenye miguu na uso wa mwenye kufyeka. Ya pili inafanywa na kijiwembe kidogo kilichofungwa kwenye ukingo wa kinga, ambacho hukata uzi unaozidi kipimo kila unapotoka. Ukiivua kinga, uzi unatoka bila mpaka. Uzi uliopaswa kuishia sentimita 20 ukifika sentimita 30, upinzani wa hewa na majani hauongezeki kwa nusu, bali mara kadhaa, na injini haiwezi tena kufikia mzunguko wake. Mtu anabana resi hadi mwisho, mlio unabaki mzito, klachi inateleza badala ya kushika, joto linapanda na harufu ya kuungua inatokea. Hapo ndipo huletwa malalamiko kwamba mashine za siku hizi ni mbovu!

Sababu ninayopewa mara nyingi ni kwamba majani hujikusanya chini ya kinga. Hujikusanya kwa sababu majani marefu yamekatwa chini kwa mkupuo mmoja, tena yakiwa na umande. Subiri yakauke, kisha yakate kwa awamu mbili: kwanza kwenye kimo cha goti, halafu shuka hadi kimo unachotaka, ukipeleka kichwa kutoka kulia kwenda kushoto. Yakijisokota licha ya hayo, zima injini, ngoja kichwa kisimame kabisa kwa kuwa huendelea kuzunguka baada ya resi kuachiwa, chomoa kofia ya plagi, ndipo uyatoe. Kuachia resi peke yake si kuzima, na sitaki kusikia tena kwamba ilikuwa ni mara moja tu.

Sababu ya pili ni kwamba uzi hukatika kila wakati. Tumia unene ulioandikwa kwenye kitabu cha mashine yako, ambao kwa nyingi ni milimita 2.4, 2.7 au 3, na usipime kwa jicho, maana uzi mnene kupita kiasi huilemea injini kama ulivyo uzi mrefu. Nailoni iliyokaa muda mrefu mahali pakavu huwa ngumu na hukatika kirahisi. Iloweke kwenye maji usiku kucha kabla ya kuizungushia kwenye kichwa, na uhakikishe ncha zote mbili zimetoka kwa urefu sawa, la sivyo mashine itatetemeka. Karibu na mawe na kuta, punguza resi na ukate kwa ncha ya uzi tu.

Penye vichaka vyenye shina gumu, uzi si chombo chake. Weka kisu cha chuma, lakini kwa mashine iliyoruhusiwa kubeba kisu tu, pamoja na kinga iliyotengenezwa kwa ajili ya kisu. Mashine nyepesi ambazo bomba lake, lile linaloanzia kwenye injini hadi kwenye kichwa, limepinda kwa kawaida hazikuundwa kwa kazi hiyo. Kwa kuwa kisu katika mashine nyingi huzunguka kinyume cha saa, kitazame kama uso wa saa: kata kwa upande wa kushoto, kati ya tarakimu 8 na 11 zilizoandikwa kwenye uso huo, na uepuke sehemu ya kati ya tarakimu 12 na 3, kwa sababu shina likigusa hapo kisu huirusha mashine nzima upande kwa nguvu ambayo mikono haiwezi kuizuia.

Watu na mifugo wakae umbali usiopungua mita 15, yaani hatua 20 hivi za mtu mzima, na anayekaribia zaidi ya hapo azimiwe mashine kwanza, asipungiwe mkono. Miwani ya usalama, vizibo vya masikio na buti ngumu huvaliwa hata kinga ikiwa mahali pake. Petroli huongezwa injini ikiwa imepoa, na mashine huwashwa mita 3 kutoka hapo. Kabla ya kuanza, iache injini iungurume bila resi: kichwa kikizunguka, mzunguko wa chini umewekwa juu mno na lazima urekebishwe.

Mashine iliyo sawa hulia kwa sauti moja na haitoi harufu ya kuungua.

Kinga iliyopasuka ibadilishwe kwa ile ya mashine hiyohiyo. Kipande cha dumu kilichokatwa na kufungwa kwa waya hakifai, kwa kuwa hakina kijiwembe, hupasuka kwa jiwe la kwanza, na waya uliokishikilia huweza kuchukuliwa na kichwa kinachozunguka.