Pretzeli Kwanza, Kisha Bia

Kwa miaka mingi nilikuwa nakunywa bia kwanza, pretzeli (mkate wa Kijerumani uliosokotwa kama fundo na kunyunyizwa chumvi) baadaye, kisha nalalamika kwamba bia za kraft, zile za viwanda vidogo, ni chungu mno. Siku moja nilitafuna pretzeli, chumvi ikakolea ulimini, ndipo nikapiga funda la IPA, aina ya bia yenye uchungu mwingi. Uchungu ulikuwa umepungua, na kwa mara ya kwanza nilisikia harufu ya maganda ya machungwa ndani yake. Chumvi hupunguza uchungu. Tangu hapo sijabadilisha mpangilio: tafuna, meza, ndipo unywe.

Pretzeli laini inafaa kuliwa siku ile ile iliyookwa. Rangi yake ya kahawia iliyokolea na ile ladha ya ganda hutokana na kuchovywa kwenye maji ya alkali kabla ya kuokwa. Waokaji wengi hutumia kostiki soda, lakini mimi jikoni kwangu siigusi, kwa sababu huunguza ngozi. Natandaza magadi ya kuokea kwenye trei na kuyaweka kwenye oveni kwa nyuzi 120 za Selsiasi kwa saa 1. Yanapoteza maji na kaboni dayoksaidi, yanakuwa makali zaidi, na ganda linakaribia kabisa lile la waokaji. Navaa glavu, nayeyusha vijiko 4 vya chakula kwenye lita 1 ya maji, kwenye bakuli la kioo na si la alumini. Naloweka donge dakika 3, nalisuuza, nanyunyiza chumvi ya chengachenga, kisha naoka kwa nyuzi 230 mpaka liwe na rangi ya kahawia iliyokolea.

Pretzeli utakazoziweka akiba usizitie chumvi. Chumvi hufyonza unyevu, na kesho yake utakuta ganda limelowa na kuvimba malengelenge. Nimetupa trei nzima kwa kosa hilo, na iliniuma.

Sasa bia. Ganda lililoiva vizuri lina utamu wa kuungua kidogo, na hapo mimi huchagua laga nyeusi yenye kimea kilichokaangwa, kama dunkel ya Bavaria. Nikipaka haradali, nataka pilsna, laga nyepesi isiyo na utamu na yenye hopsi za kutosha, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu. Pretzeli ngumu za kwenye mfuko naziacha kwa stauti, bia nyeusi nzito.

Usinywe kila bia ikiwa baridi ya barafu. Laga, sawa, nyuzi 4 hadi 7. Lakini stauti na bia nyingine nzito za aina ya eli zinataka nyuzi 10 hadi 13. Baridi kali huziba harufu, na harufu ndiyo uliyoilipia. Mimi huitoa chupa kwenye friji mapema, wakati pretzeli ziko ndani ya oveni. Isikae juani: mwanga huvunja viambato vya hopsi na kuleta harufu mbaya, hasa kwenye chupa za kijani au zisizo na rangi.

Mimina kwenye glasi iliyosuuzwa vizuri, isiyo na mafuta, maana mafuta huua povu. Futa midomo ukila pretzeli ya siagi. Na chenga za chumvi zisidondokee kwenye glasi, kwani hutoa gesi yote kwa mpigo na bia inabaki imezubaa.

Soma asilimia ya kileo kwenye lebo kabla ya kumimina. Ikifika 8, nusu glasi inatosha pretzeli moja.