Maafa Yakikukuta Texas: Nani Anaamua na Nani Anakuhesabu

Wengi wetu tukifika Marekani tunafundishwa namba moja, 911, na baada ya miaka michache tunajifunza jina moja, FEMA, shirika la serikali kuu la kushughulikia maafa. Kati ya hiyo namba na hilo jina kuna ofisi chungu nzima ambazo hakuna aliyekaa chini kutueleza, na hapo ndipo familia zetu zinapopotelea. Mimi naishi Houston, kwa hiyo nitaeleza mambo yalivyo Texas. Wenzangu wa majimbo mengine wataona mwishoni kwamba ngazi ni zilezile, ila majina ya ofisi ndiyo yanayobadilika.

Kimbunga Harvey kilitua karibu na mji wa Rockport usiku wa tarehe 25 Agosti 2017, kikiwa cha daraja la nne. Upepo ulipungua kikiingia bara, lakini mvua ikang'ang'ania juu ya eneo letu kwa siku kadhaa. Mji wa Nederland, mashariki mwa Houston, ulipimwa zaidi ya inchi 60, yaani mvua ya kimo cha mita moja na nusu. Katika nyumba zetu za kupanga, ghorofa ya chini yote iliingia maji. Jirani yangu mmoja, mama kutoka Bukavu aliyeletwa hapa kama mkimbizi na wanawe, alifanya kile ambacho mama yeyote wa kwetu angefanya: maji yalipopungua tu, alifunga khanga kiunoni, akatoa zulia, akatupa magodoro, akapiga deki mpaka nyumba ikanukia sabuni. Wakaguzi wa uharibifu walipofika mtaani walikuta nyumba safi na tupu. Hakupiga picha hata moja. Baadaye ilimchukua miezi kuthibitisha kwamba alikuwa na vitanda.

Kisa hicho ndicho kilichonifanya nitafute kuelewa mfumo huu unavyofanya kazi.

Anza na mtu anayeitwa jaji wa kaunti. Jina hilo linatudanganya sisi. Tukisikia jaji tunawaza mahakama, joho na kesi. Texas ina kaunti 254, na katika kila moja jaji wa kaunti ni kiongozi wa kuchaguliwa kwa kura, mwenyekiti wa baraza lenye makamishna wanne linalopanga bajeti na barabara. Ukitoka Kenya, mfikirie gavana wa kaunti. Ukitoka Tanzania, kumbuka mkuu wa wilaya anavyoongoza kamati ya maafa, ila huyu wa Texas amepigiwa kura na wananchi. Kwa sheria ya maafa ya Texas ya mwaka 1975, jaji huyu ndiye mkurugenzi wa dharura wa kaunti yake, na meya ni mkurugenzi wa dharura wa mji wake. Wao ndio wanaotangaza hali ya maafa katika eneo lao, na tangazo lao hudumu siku saba tu mpaka baraza likubali kuliongeza. Wao pia ndio wenye mamlaka ya kuamuru watu wahame. Gavana aliyeko Austin, mji mkuu wa jimbo, anaweza kushauri na kusisitiza, lakini amri ya kuhama mtaani kwako kwa kawaida itatoka kwa jaji au meya.

Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza leo, jua likiwa linawaka, ni hili: naishi kaunti gani? Unaweza kucheka, lakini nimekutana na watu walioishi hapa miaka sita wakidhani wako Harris kumbe wako Fort Bend. Anwani ya posta inaandikwa Houston, ofisi ya dharura ni nyingine kabisa. Ukishaijua kaunti, jisajili kwenye ujumbe wa tahadhari wa kaunti hiyo na wa mji wako. Karibu na pwani ya Houston na Galveston, maeneo ya kuhama yamegawanywa kwa namba ya posta katika kanda nne: kanda ya pwani (Coastal), kisha A, B na C. Iandike kanda yako kwenye karatasi uibandike kwenye friji, kwa sababu redio haitasema jina lako, itasema kanda.

Hapa niseme neno kuhusu kuhama. Mwaka 2005, kimbunga Rita kilipokaribia, mamilioni ya watu walitoka Houston kwa wakati mmoja. Magari yalikwama barabarani siku nzima katika joto kali, na watu wengi zaidi walikufa katika safari ile kuliko waliouawa na kimbunga chenyewe. Kumbukumbu hiyo ilikuwa kichwani mwa viongozi wakati wa Harvey, na meya wa Houston hakuamuru mji uhame. Kwa hiyo ukiambiwa kanda yako haihami, usifuate mkumbo kwa sababu tu kundi la WhatsApp la harusi limepaniki. Na ukiambiwa uhame, usingoje zamu ya usiku iishe.

Juu ya kaunti kuna ofisi ya jimbo, inayoitwa Texas Division of Emergency Management, kwa kifupi TDEM. Kwa miaka mingi ilikuwa ndani ya idara ya usalama wa umma, pamoja na polisi wa barabara kuu. Tarehe 1 Septemba 2019 ilihamishiwa chini ya mfumo wa vyuo vikuu vya Texas A&M. Inashangaza kusikia chuo kikuu kinaendesha ofisi ya maafa, lakini ina mantiki yake: baada ya Harvey, gavana alimpa mkuu wa Texas A&M, John Sharp, kazi ya kuongoza ujenzi mpya wa pwani, na mfumo huo tayari ulikuwa na mabwana shamba wake karibu kila kaunti, watu wanaojulikana na wenyeji kwa majina. Mkuu wa TDEM anaitwa Nim Kidd, mzima moto wa zamani wa San Antonio.

TDEM haina jeshi la waokoaji wa kubisha hodi mlangoni kwako. Kazi yake ni kuunganisha. Kaunti ikielemewa, huomba msaada ngazi ya wilaya ya maafa, ambayo hapa ni kundi la kaunti kadhaa. Wilaya ikishindwa, ombi hufika kituo cha uendeshaji cha jimbo kilichoko Austin. Pale wanakaa pamoja wawakilishi wa idara za jimbo: afya, barabara, walinzi wa wanyamapori, misitu, jeshi la akiba la jimbo. Zile boti ulizoziona kwenye televisheni zikitoa bibi dirishani, nyingi zilikuwa za walinzi wa wanyamapori, za kikosi cha uokoaji cha Texas A&M kiitwacho Task Force 1, na za watu binafsi wenye moyo. Gavana naye ana tangazo lake la maafa, linalodumu siku 30 na kuongezwa akiona haja.

Ngazi ya mwisho ndiyo FEMA, na hii haiji yenyewe. Gavana lazima amwombe rais, na ili aombe lazima awe na hesabu ya uharibifu. Hesabu hiyo inatoka wapi? Inatoka kwenye kaunti. Na kaunti inaipata wapi? Kwako.

Sehemu hii inaniuma zaidi kuliko zote. TDEM ina fomu ya mtandaoni iitwayo iSTAT, kwenye damage.tdem.texas.gov, ambapo mkazi yeyote anaripoti uharibifu wa nyumba au biashara yake: maji yaliingia futi ngapi, paa limeng'oka wapi, una bima au huna, na picha. Inachukua dakika chache. Kuijaza si kuomba msaada, na haichukui nafasi ya kampuni ya bima wala ya FEMA. Lakini ripoti hizo ndizo zinazoonyesha ramani ya maumivu. Kuna mikopo nafuu ya maafa ya shirika la serikali kuu linaloitwa SBA, ambayo inaweza kufunguliwa kwa kaunti hata rais asipotangaza lolote, mradi kuwe na angalau nyumba au biashara 25 zenye hasara ya asilimia 40 au zaidi isiyofidiwa na bima. Nyumba 25! Jengo moja tu la nyumba za kupanga lililojaa watu wetu linaweza kufikisha idadi hiyo. Lakini sisi tunaogopa fomu, tunaona aibu, au tunasema Mungu atajalia, tunapiga deki. Mtaa wetu unabaki mweupe kwenye ramani, na ramani inasema hakuna kilichotokea.

Basi mpangilio uwe huu: picha kwanza, deki baadaye. Piga picha alama ya maji ukutani, na rula au chupa kando yake ili kimo kionekane. Piga kila chumba, kila kifaa, namba yake ya utambulisho (serial number) ikionekana. Tuma nakala kwa ndugu aliye nje ya mji. Kisha iSTAT. Kisha bima kama unayo. Tangazo la rais likitoka na kaunti yako ikiwamo, omba FEMA kwenye DisasterAssistance.gov au kwa simu 1-800-621-3362, na omba mkalimani bila kuona haya. Mpangaji naye anaruhusiwa kuomba kwa ajili ya vitu vyake. Barua ya kwanza ikisema hustahili, isome mpaka mwisho: mara nyingi kinachokosekana ni karatasi moja, kama mkataba wa pango au barua ya bima, na una siku 60 za kukata rufaa. Nimeona watu wakiichana barua hiyo kwa uchungu.

Kuhusu hadhi ya uhamiaji, watu wananong'ona sana, na minong'ono imewanyima chakula wenye haki. Uokoaji, maji, chakula na kulala kwenye makazi ya muda havitegemei kibali chako. Fedha za FEMA ni jambo jingine: zinawahusu raia, wenye kadi ya kijani, wakimbizi, waliokwisha kukubaliwa hifadhi na makundi mengine machache. Mwanafunzi wa viza au mfanyakazi wa viza ya kazi hamo, wala anayesubiri jibu la hifadhi. Lakini mtoto aliyezaliwa hapa ni raia, na mzazi anaweza kuomba kwa niaba yake kama wanaishi nyumba moja. Kabla hujasaini ukiwa na wasiwasi, muulize mwanasheria. Eneo la Houston, Lone Star Legal Aid hutoa msaada wa kisheria kwa watu wa kipato kidogo baada ya maafa.

Kuna namba nyingine ambayo natamani kila mtu aihifadhi kama anavyohifadhi ya mchungaji au sheikh wake: 2-1-1. Wanaelekeza makazi ya muda yaliyo wazi, vituo vya kupoza au kupasha joto, chakula, na wana wakalimani. Kupitia namba hiyo unaweza kumsajili mzee wa nyumbani kwako kwenye daftari la jimbo liitwalo STEAR, la watu watakaohitaji msaada kuhama: anayesafishwa figo, anayetumia oksijeni, asiye na gari. Usajili unafanywa upya kila mwaka. Daftari hilo si ahadi kwamba gari litakuja, maana kila kaunti huamua jinsi ya kulitumia, lakini mzee asiyeandikwa hajulikani kabisa.

Tahadhari nyingi za simu huja kwa Kiingereza au Kihispania. Maneno mawili yafundishe wazazi: watch maana yake hatari inaweza kutokea, jiandae, warning maana yake inatokea au imekaribia, chukua hatua sasa hivi. Kanisa letu lilimteua kijana mmoja atafsiri kila tahadhari ya kaunti na kuituma kwa sauti kwenye kundi. Wazee hawasomi maandishi marefu, ila sauti wanasikiliza.

Baridi nayo ni maafa. Februari 2021 umeme ulikatika kwa mamilioni ya nyumba Texas, na idara ya afya ya jimbo ilihesabu vifo 246. Baadhi vililetwa na moshi usioonekana wala kunuka wa jenereta, magari na makaa. Nawasihi, jiko la makaa tulilozoea kuwasha barazani lisiingie ndani ya nyumba hizi zilizofungwa madirisha. Wala gari lisiwashwe gereji ili watoto wapate joto.

Bima nitaitaja kwa ufupi: bima ya kawaida ya nyumba au ya mpangaji hailipi mafuriko. Ya mafuriko inanunuliwa kando, mpangaji naye anaweza kuwekea bima vitu vyake, na kwa kawaida huanza kufanya kazi baada ya siku 30. Ukiinunua kimbunga kikiwa tayari baharini, umechelewa.

Kwa walioko kwingine: Ohio na Minnesota ofisi ya jimbo iko chini ya idara ya usalama wa umma. Jimbo la Washington iko chini ya idara ya kijeshi, Maine iko pamoja na ulinzi na maveterani, California iko chini ya gavana moja kwa moja. Ila mpangilio ni uleule, mji na kaunti kwanza, jimbo, halafu serikali kuu. Tafuta ni nani anayeshika cheo cha mkurugenzi wa dharura kwenu, maana si kila jimbo lina jaji wa kaunti wa aina hii.

Julai 2024 kimbunga Beryl kilipita juu ya Houston na kuacha zaidi ya wateja milioni mbili bila umeme. Asubuhi yake, yule mama wa Bukavu alinipigia simu. Mti ulikuwa umeanguka juu ya paa la nyumba aliyoinunua miaka michache nyuma. Kabla sijamaliza pole zangu akaniambia ameshapiga picha 40, binti yake ameshajaza fomu ya jimbo, na sasa wanazunguka kwa majirani, nyumba kwa nyumba, kuwajazia na wao.